Nyonga ya Miaka Ishirini

Daktari Elinaza alikitoa kile chuma cha nyonga bandia kwenye droo, akakiweka mezani juu ya picha ya eksirei, na Twalib akakitazama kwa jicho la fundi. Alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha ndoo na mabeseni, kazi aliyoifanya tangu kabla hajaoa, na hakuwa mtu wa kuogopa vyuma. Alikishika, akakipima uzito kwa kiganja, akapitisha kidole gumba sehemu ya juu ya mkia wake, ambapo palikuwa na mkwaruzo kama wa msasa.

"Hapa mbona hawajapalainisha?"

"Hapo ndipo mfupa unaposhika," daktari alisema. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya taratibu. "Zipo nyonga zinazogandishwa kwa saruji maalumu, na zipo hizi zisizo na saruji. Hii tunaigonga ndani ya mfupa wa paja mpaka ibane, halafu mfupa wenyewe unaota na kuingia kwenye hivyo vitundu. Kwa mtu wa umri wa Raudha, mimi ningeichagua hii."

Twalib alimgeukia mkewe akatabasamu kidogo. "Unasikia, Mama Anwar? Haina saruji. Kwetu Mbagala nyumba isiyo na saruji haimalizi masika."

Hamisa hakutabasamu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani. Katikati yao alikaa binti yao Raudha, msichana wa miaka ishirini mwenye mikono myembamba na macho yenye umanjano, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kwa sababu haukukunjika tena vizuri. Alizaliwa na selimundu. Ugonjwa huo, ambao mtaani huitwa sikoseli, ulikuwa ukimlaza hospitali tangu utotoni, na sasa ulikuwa umezuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa nyonga yake, mfupa ukafa. Kwenye ile picha, mahali palipotakiwa kuwa na duara safi, palionekana kitu kama yai lililokaliwa.

"Itadumu muda gani?" Twalib aliuliza.

"Jibu lake si moja. Huu mkia ukishashikana na mfupa unaweza usitoke tena. Nimeona picha za watu waliokaa nao miaka thelathini. Kinachochakaa ni hiki." Daktari alionyesha kikombe cha juu ambamo nyonga huzungukia, na ndani yake bitana nyeupe ya plastiki. "Kila hatua inakisaga kidogo. Unga wake ukizidi unaanza kula mfupa wa pembeni. Kwa mzee wa miaka sabini hatuna wasiwasi, yeye hatembei sana. Kwa binti kama huyu, tena mwenye mifupa ya selimundu, siwezi kukuahidi. Tuseme miaka ishirini. Ikizidi hapo, tushukuru."

"Halafu?"

"Halafu tunafungua tena. Na mara ya pili si kama ya kwanza. Mfupa unakuwa umepungua, upasuaji unakuwa mrefu, damu inamwagika nyingi. Ikifika mara ya tatu, wengine tunakuta hakuna tena pa kushikiza."

"Kwa hiyo akifika arobaini anarudi mezani."

"Takribani hivyo."

"Na akingoja? Akija kuwekewa akiwa na thelathini?"

"Atafika nayo hamsini. Wapo wenzangu wangewashauri hivyo. Lakini hiyo miaka ya kungoja ataiishi na maumivu, na mguu utazidi kufupika." Daktari alimtazama Raudha. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Raudha alifungua mdomo. "Mie nilikuwa nataka..."

"Tutazungumza nyumbani," Twalib alisema kwa upole, akimpapasa bega.

Daktari aliacha lipite. Aliwakumbusha tu kwamba bima ya kazini kwa Twalib ilimhesabu Raudha kuwa mtoto mpaka atimize miaka ishirini na moja, na miaka hiyo ingetimia mwezi wa tano. Ulikuwa mwezi wa pili. Kama wakikubali waseme mapema, maana kwanza lazima aongezewe damu, na foleni ya chumba cha upasuaji ilikuwa ndefu.

Walipofika kwenye korido, Hamisa alisema amesahau mtandio ndani. Hakuwa amesahau kitu. Alirudi, akaufunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama.

"Daktari, hicho chuma kinadumu miaka ishirini."

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto je?"

Daktari Elinaza alivua miwani. Lilikuwa swali ambalo wazazi wengi walilizunguka, na mara chache alikutana na aliyelitamka.

"Alikuwa na kaka yake," Hamisa alisema. "Anwar. Ugonjwa huuhuu. Tulimzika ana ishirini na mbili."

"Pole sana, mama. Lakini siku hizi dawa zipo. Nina wagonjwa wa selimundu wenye miaka hamsini."

"Wengi?"

Daktari aliifuta miwani kwa upindo wa koti, akaifuta tena upande wa pili.

"Si wengi," alisema.

"Haya. Ahsante, daktari," Hamisa akasema, akatoka.

*

Walipanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji watano, ua mmoja, bomba moja, na choo kimoja cha kuchuchumaa. Raudha hakuweza kuchuchumaa. Twalib alikuwa amenunua kiti cha plastiki, akakitoboa kwenye kikalio kwa kisu alichokipasha moto jikoni, akazikwangua kingo zisimchane mtoto, na kiti kikawa kinakaa chooni pembeni ya ukuta. Kilikaa vizuri mpaka Loveness, mpangaji wa chumba cha mbele aliyesuka nywele za watu barazani, alipoanza kukitoa nje.

"Mie simchukii mtoto, dada Hamisa," alisema asubuhi moja, kitana mkononi, mteja wake akisikiliza. "Lakini choo chenyewe kidogo, na wateja wangu wanaingia mle. Kile kiti kinanuka. Mkae nacho chumbani kwenu, mkihitaji ndiyo mkitoe."

Hamisa aliyekuwa akimenya mihogo ya kukaanga aliendelea kumenya. Alikuwa na majibu matatu, yote makali, na yote angeyalipia siku Loveness atakapoamua kumwambia mwenye nyumba. "Sawa, mdogo wangu," alisema.

Tangu siku hiyo Raudha akitaka kujisaidia ilibidi mama yake atangulie na kiti, yeye afuate nyuma akijikokota na fimbo, wavuke ua mbele ya wasichana wanaosukwa. Wasichana walinyamaza wakipita. Kunyamaza kwao kulimuuma Raudha kuliko kama wangecheka. Kulikuwa na mmoja waliyesoma naye chuo cha ualimu wa chekechea, kabla Raudha hajaacha kwa sababu darasa lao lilikuwa ghorofani, na huyo aliinamia simu yake kila mara akijifanya hajaona.

Njia aliyoiona Raudha ya kupunguza safari hizo ilikuwa kupunguza maji. Tangu akiwa mdogo aliambiwa anywe maji mengi, kwa sababu damu ya selimundu ikikosa maji inanata na kuziba. Sasa akawa analowesha ulimi tu, na kikombe alichopewa anakimimina dirishani mama yake akigeuka.

"Mbona midomo imekauka?" Hamisa aliuliza.

"Joto tu, mama."

Jioni Twalib alikuwa akikaa naye kitandani, anamchua mguu kwa mafuta ya mkaratusi. Hapo ndipo Raudha alipopata nafasi ya kulimaliza lile alilotaka kulisema kwa daktari.

"Baba, kuna shule ya chekechea pale karibu na msikiti. Mwalimu mkuu alisema nikiweza kusimama nitamsaidia na watoto wa darasa la kwanza kabisa. Mie nataka nitembee sasa hivi, wakati bado kuna pa kwenda."

"Utatembea, mama," alisema Twalib. "Lakini kitu cha kuwekwa mwilini hakiendewi pupa."

*

Mwenzake kiwandani alimweleza habari za mzee mmoja wa Goba, Mzee Leonardi, ofisa mstaafu wa benki, aliyewekewa nyonga kama ile nchini India. Twalib aliomba namba, akapiga, akakaribishwa Jumapili. Alivaa shati lake la Idi. Nyumba ilikuwa mlimani, ya vigae, geti jeusi, na mke wa mzee, Mama Tekla, alimpokea kwa juisi ya ukwaju kabla hajasema lililomleta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinione sisimami," alisema Mzee Leonardi. Alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu juu ya mito miwili, na mbele yake kulikuwa na kile kifremu cha kujikongojea. "Kwa hiyo wanataka kumwekea binti. Ana miaka mingapi?"

"Ishirini."

Mzee akaguna. "Mie niliwekewa nina hamsini na tano. Isiyo na saruji, hiyohiyo. Mwaka wa kwanza nilisahau kama ninayo. Nilikuwa nashuka bondeni kwa miguu, napanda. Nimecheza harusi za wanangu wote. Miaka kumi na minne, bwana Twalib, sikuisikia. Halafu ikaanza kuuma hapa kinenani. Wakapiga picha, wakasema plastiki imekwisha na unga wake umekula mfupa wa kiuno. Lakini ule mkia wenyewe umeshika kama mzizi. Kuutoa mpaka wapasue paja zima."

"Si urudi India?"

"Aliyeniwekea amefariki. Na walioitengeneza hawatengenezi tena bitana ya kikombe cha aina yangu. Ingekuwa bitana tu ndiyo ya kubadilisha, ingekuwa kazi ndogo."

"Mwambie na moyo," alisema Mama Tekla kutoka mlangoni.

"Na moyo wangu hauwezi tena dawa ya usingizi mrefu. Basi, ndiyo nimekaa."

Twalib aliizungusha glasi mikononi. "Mzee, naomba unisamehe nikuulize. Ungejua yatakuja haya, ungengoja?"

"Hapana," alisema. "Nisingengoja. Ile miaka kumi na minne ilikuwa yangu."

"Anasema hivyo kwa sababu hajinyanyui mwenyewe," Mama Tekla akasema, bila hasira. "Anayemnyanyua ni mie. Kumwosha mie, kumgeuza mie. Na mie nina miaka sitini na nane. Usiwe na haraka na mtoto wako, baba."

Twalib alishuka mlima wa Goba akiwa ameyabeba maneno ya mke. Ya mume aliyaacha palepale sebuleni, pamoja na juisi ambayo hakuimaliza.

*

Alifika nyumbani alasiri. Hamisa alikuwa chumba cha kwanza anakunja nguo. Raudha alikuwa amelala chumba cha pili, nyuma ya pazia, na wote wawili walimdhania amesinzia.

"Tungoje," Twalib alisema akivua viatu. Akamweleza aliyoyaona. "Mtu ana pesa, ana nyumba ya vigae, na amekaa pale kama gunia. Sie akiharibikiwa akiwa na arobaini tutampeleka wapi? Mie nitakuwa mzee, pengine sipo. Nani atamnyanyua?"

"Bima inakwisha mwezi wa tano."

"Bima zinabadilika. Na hawa wataalamu kila siku wanatengeneza mapya. Miaka kumi ijayo zitakuwepo zisizochakaa. Mie nataka Raudha aolewe, azae, awe mtu mzima kama watu. Sitaki awe mtu wa kupasuliwa na kushonwa."

"Baba Anwar."

"Tungoje tu, mke wangu."

"Baba Anwar, kile chuma kitamzidi umri."

Twalib hakumwelewa mara moja. Alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Unasemaje?"

"Nasema miaka ishirini inamtosha." Hamisa alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya unga, na mikono yake iliendelea kukunja. "Unamwekea akiba nyonga ya uzeeni. Uzee gani? Anwar ulimwekea akiba ya nini? Kama Mungu amempa mitano, amempa minane, basi aitembee hiyo. Afundishe hivyo vitoto vyake. Asiimalize yote kwenye kile kitanda akingoja hamsini."

"Unamzika mwanangu akiwa hai."

"Nataka atembee."

"Unamzika, Hamisa." Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa miaka mingi.

Pazia likasogea. Raudha alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, na hakumtazama baba yake. Alimtazama mama.

"Mitano au minane?" aliuliza.

Hamisa aliikunja ile nguo mara ya pili.

"Ndiyo alivyokwambia daktari uliporudi ndani?"

"Hakuniambia miaka."

"Kwa hiyo ni hesabu yako."

Hamisa angeweza kumkumbatia. Angeweza kulia, akasema ni shetani tu, ni uchovu. Lakini alikuwa ameshakesha na mtoto mmoja mpaka mwisho, akayafumba macho yake kwa vidole vyake mwenyewe, na tangu siku ile kulikuwa na maneno ambayo kinywa chake kilishindwa kuyatoa.

"Mie ni mama yako," alisema. Ilikuwa kweli, na halikuwa jibu.

*

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba Raudha alibadilika. Yeye aliyekuwa akiitaka ile nyonga kuliko wote, sasa akaikataa.

"Nitangoja," alimwambia baba yake. "Kama ulivyosema. Mpaka thelathini."

Twalib alifurahi kwa siku moja. Ya pili akamwona anavyouma upindo wa khanga ili asigune wakati wa kugeuka, akaelewa alichokuwa anakifanya. Kuikubali nyonga sasa ilikuwa kuikubali hesabu ya mama yake. Kungoja ilikuwa kusema kwamba ataifikia thelathini, ataifikia hamsini. Maumivu yale yalikuwa ndiyo ubishi wake. Kwa mama yake alisema shikamoo asubuhi, na mchana akasema ahsante kwa chakula, basi. Walivuka ua pamoja, mama mbele na kiti, mtoto nyuma na fimbo, hawasemi.

Hivyo ukapita mwezi wa tatu. Mvua zikaanza. Ua ukawa tope, Raudha akaogopa kuteleza, akazidi kujinyima maji.

Asubuhi moja ya Aprili, Twalib alipokuwa anatoka kwenda zamu, aliwakuta katikati ya ua. Fimbo ilikuwa imezama kwenye tope. Raudha amekwama, mvua inamnyeshea, na Hamisa amekiweka kiti chini ili amshike, na hawezi kumshika bila kukiacha kiti kichukuliwe na maji. Barazani wasichana wawili walitazama. Twalib alimbeba binti yake mpaka chooni, akamgojea nje huku amegeuza uso, akambeba kumrudisha. Halafu badala ya kwenda kazini alimpigia simu Daktari Elinaza.

Tarehe ilipatikana, siku chache tu kabla ya bima kwisha. Usiku ule Twalib alikaa kitandani kwa Raudha na mafuta yake.

"Nimeamua mie," alisema. "Mama yako hahusiki. Nimeamua kwa sababu nataka uanze kazi."

"Na ikichakaa?"

"Ikichakaa tutaifungua tena. Utakuwa na arobaini, utakuwa na mumeo pale nje anahangaika, na mie nitakuwepo nimekaa naye. Ya pili ikichakaa tutatafuta ya tatu."

"Daktari alisema ya tatu mara nyingine haishiki."

"Yako itashika."

Raudha alimsogezea baba yake mguu. Alijua anadanganywa, na uongo ule aliupenda. "Haya, baba," alisema.

Ilipofika wiki ya kabla ya tarehe hiyo, Raudha alikuwa anaongezewa damu na alitakiwa kupasuliwa Jumatatu. Jumamosi alfajiri alianza kulalamika mgongo. Kufikia adhuhuri maumivu yalikuwa yameingia mbavuni na kifuani, na alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Walimpeleka na bajaji. Nesi wa zamu alimfinya ngozi ya mkono, akaona inavyokawia kurudi, akauliza, "Huyu anakunywa maji kweli?"

"Anakunywa," alisema Hamisa. "Mie ndiye ninayempa."

Raudha alifumba macho.

Daktari Elinaza alikuja wodini Jumatatu, siku ambayo wangekuwa chumba cha upasuaji. Alisoma karatasi ya kitandani, akasikiliza kifua, akawaita wazazi pembeni.

"Damu imeziba kwenye mapafu. Siwezi kumlaza mezani akiwa hivi. Hataamka."

"Wiki ijayo?" aliuliza Twalib.

"Si chini ya wiki sita. Pengine zaidi."

"Wiki ijayo anatoka kwenye bima, daktari."

"Najua, baba," alisema daktari. "Najua."

*

Miaka ishirini na moja ilimkuta wodini, oksijeni puani. Hakuna aliyeitaja siku hiyo. Kesho yake dirisha la malipo lilimwambia Hamisa kwamba kadi haisomi, na dawa za kuanzia hapo zinalipwa taslimu.

Twalib alikwenda ofisi ya bima na shati lake la Idi. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, namba yake ikaitwa mchana. Alimweleza karani, kijana mwenye adabu, kila kitu: tarehe ilikuwa imepangwa, kibali kilikuwa kimetoka, mtoto akazidiwa siku mbili kabla. Aliomba wamwongezee mwezi mmoja au miwili.

"Nimekuelewa, mzee wangu," alisema karani. "Lakini sio mie. Mfumo unamtoa wenyewe siku ikifika. Mie nikimrudisha, unamtoa tena."

"Kwani mfumo hauna mkubwa wake?"

Karani aliangalia kioo cha kompyuta kana kwamba angemwona mkubwa huyo humo ndani. "Anaweza kujiunga kama mtu mzima," alisema. "Ila kwa wanaojiunga wenyewe, mambo ya kubadilisha viungo mpaka ukae kwanza kwenye bima kwa muda. Na kwa ugonjwa aliokuwa nao tangu mwanzo, sijui. Ningekudanganya."

Twalib alishukuru. Alipofika nje aligundua kwamba alishukuru, akasimama kando ya geti mpaka pumzi zikatulia. Kiwanda kilimkopesha fedha za kumtoa Raudha wodini, kwa makato ya mshahara mpaka mwaka unaofuata. Fedha ya nyonga haikuwa fedha ya kuulizia. Tangu hapo aliomba zamu za usiku juu ya zile za mchana, na nyumbani alikuwa mtu wa kuja kulala. Mafuta ya mkaratusi yalibaki dirishani. Hakuzungumza tena habari za thelathini wala hamsini, na kimya chake hicho Raudha alikisikia.

*

Mvua za mwaka ule zilikawia kuisha. Siku ya kliniki ya damu, mwanzoni mwa Juni, dereva wa bajaji alipiga simu akiwa barabarani.

"Mama, siingii huko. Maji yamejaa mpaka kwenye kona ya duka. Nitazimikia humo. Mleteni huku, nangoja."

Twalib alikuwa kazini. Hamisa aliutazama uchochoro kwa muda, akarudi ndani akatoa khanga mbili. Alichuchumaa mbele ya kitanda, akampa mtoto mgongo.

"Panda."

"Mama, mie mtu mzima."

"Panda, tutachelewa."

Raudha alipanda. Ule mguu wa kulia haukupanuka kuzunguka kiuno cha mama, ukabaki umening'inia upande kama gongo. Hamisa alisimama kwa urahisi kuliko alivyotegemea, na wepesi ule ulimtisha. Loveness alikuwa barazani. Aliweka kitana chini, akaja bila kusema kitu, akaizungusha khanga mgongoni kwa Raudha, akaivuta kifuani kwa Hamisa na kuifunga fundo kama anavyofungwa mtoto mchanga. Ya pili akawafunika nayo vichwa. Wasichana wa nywele walitazama pembeni.

Waliingia kwenye maji. Yalikuwa ya rangi ya chai, yanabeba mifuko na makapi, na Hamisa alipapasa chini kwa mguu kabla ya kila hatua. Watu waliosimama kwenye vizingiti vya nyumba zao waliwaona: mama wa makamo amembeba mwanamke mgongoni. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa.

"Mama," alisema Raudha. Mdomo wake ulikuwa karibu kabisa na sikio la mama yake.

"Sema."

"Maji nilikuwa namwaga. Yale uliyokuwa unanipa."

Hamisa alipiga hatua mbili. "Nilijua siku ile nesi alipokufinya," alisema. "Kabla ya hapo sikujua."

"Ningefanyiwa mwezi wa pili ningekuwa natembea."

"Yameshapita."

"Uliona sawasawa, wewe. Baba ndiye hakuona." Raudha akawa anahema juu ya shingo ya mama. "Na ile hesabu nyingine, ya mitano au minane? Nayo unaona sawasawa?"

Maji yalikuwa yamefika magotini. Mbele, kwenye mdomo wa uchochoro, bajaji ilionekana imewasha taa, na dereva ametoa mkono nje anawaita. Hamisa alilitafuta neno. Mumewe alikuwa nayo mengi, yalimjia bila kutafutwa, na yote aliyatoa kwa kupenda. Yeye alihitaji moja tu, fupi, la kufikia pale kwenye bajaji. Alilitafuta hatua tatu, nne, na miguu ya mwanawe ilimgonga mapajani.

"Nishike vizuri," alisema. "Hapa pana shimo."